Mzee wa Kupeta na penalti aliyoipuliza

Saa kumi na mbili asubuhi uwanja bado una umande. Mzee wa Kupeta anakimbia peke yake, akifuata chokaa iliyofifia ya mstari wa pembeni. Goti la kulia amelifunga bandeji. Akifika kwenye kona anasimama, anashika kiuno, anatema mate, kisha anaanza upya.

"Kila mzunguko goti linaniuliza swali," anasema akihema. "Silijibu. Nikilijibu tutakaa chini wote wawili."

Leo mchana kamati ya waamuzi inakaa kumchagua refa wa fainali. Yeye ana miaka arobaini na minne, na kwa kanuni zao ukigonga arobaini na mitano unakabidhi filimbi. Amechezesha ligi hii miaka kumi na sita. Fainali hajawahi kupewa hata moja.

Jina lake la utani ana haki nalo. Refa akiona faulo na hataki kukata mchezo, hurusha mikono mbele, wachezaji waendelee. Huko ndiko kupeta. Huyu alipeta kupita kiasi, hasa dakika za mwisho, mpaka mashabiki wakasahau jina alilopewa na mama yake.

Hakuanza hivyo. Mwanzoni alipuliza kama askari wa barabarani. Katika mechi yake ya tatu alitoa penalti, kumbe beki alicheza mpira safi. Siku hiyo alitoka uwanjani ndani ya lori la mchanga, amelazwa chini ya turubai. Wiki ileile refa mwenzake alinyima watu penalti ya wazi, akarudi nyumbani kwa miguu huku anatafuna karanga.

"Nikajifunza," anasema. "Ukipuliza vibaya, wewe mwizi, umehongwa. Usipopuliza, hukuona. Na asiyeona huwa anaonewa huruma."

Hata mtathmini, yule anayekaa jukwaani kumpa refa alama, ndivyo anavyopima. Penalti ya uongo inakata alama palepale. Penalti iliyonyimwa anaiandikia maneno matatu: tukio halikuwa wazi. Basi marefa wakaelewa somo bila kufundishwa.

Siku za kazi anachomelea mageti katika karakana ya bati karibu na kituo cha mafuta. Posho ya mechi moja haifiki kipato cha siku moja ya karakana, na ukitoa nauli na dawa ya goti, kinachobaki ni cha kununulia mboga. Mashabiki wanaijua kazi yake. Wakikasirika humpigia kelele, "Fundi, vua miwani ya kuchomelea, mchana umeingia."

Mkewe huenda mechi zote. Hukaa nyuma ya goli juu ya ndoo iliyopinduliwa, na katika miaka yote hajawahi kumuuliza habari ya faulo aliyoipuliza. Huuliza zile nyingine.

"Yule wa jezi namba saba alivutwa, baba watoto."

"Sikuona vizuri."

"Sikukuuliza kama uliona vizuri."

Ndoa yao imeishi hivyo, kwa amani ya kutosha, mpaka msimu huu ilipopigwa kona moja.

Mechi ilikuwa sare na muda unakwisha. Kabla mpira haujashuka, mshambuliaji aliinua kiwiko mbele ya uso wa kipa. Refa alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mpira ukaingia wavuni, kipa akabaki chini. Mzee wa Kupeta akaonyesha kati, goli, na mchezo ukaisha. Hakuna aliyemfukuza. Mtathmini alimpa alama nzuri kuliko mechi zake zote, na jina lake likapanda juu kabisa kwenye orodha ya fainali.

Kipa alivunjika taya. Kazi yake ni kunadi mitumba sokoni. Anasimama juu ya meza na kuita wateja kutwa nzima, na mdomo huo ndio unaolisha nyumba. Daktari aliufunga kwa waya.

Mzee wa Kupeta alikwenda kumwona baada ya majuma mawili. Alimkuta juu ya kigoda nyuma ya meza yake, ananyonya uji kwa mrija, dada yake ndiye anayenadi.

"Kaa, kaka," dada alimkaribisha. "Leo una bahati, mwenyewe kakatazwa na daktari kutukana."

Kipa hakutukana. Aliuliza jambo moja, meno yamefungwa: "Refa, uliona?"

"Niliona kiwiko kikipanda. Sikuona kikitua."

"Kilitua," kipa alisema, akarudi kwenye uji wake.

Mzee wa Kupeta anasema angetukanwa angelala usingizi usiku ule. Matusi ameyazoea. "Nikipuliza vibaya nalipa mimi, mawe yanakuja kwangu. Nikinyamaza vibaya, bili inapelekwa kwa mtu mwingine. Nilikuwa nalijua hilo zamani. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kumwona mtu mzima akinyonya uji ni kingine."

Wiki iliyopita yakamfika tena. Zimebaki dakika tatu, mshambuliaji anaingia kwenye eneo la hatari, beki anateleza, mshambuliaji anaanguka. Refa aliona mguu ukitoka. Hakuona ulichogusa. Nusu ya jambo, kama siku ya kona.

Akapuliza penalti.

Haikuwa penalti. Beki aligusa mpira peke yake, na jioni hiyo picha za simu zilizunguka mpaka karakana, wateja wakimwonyesha kabla hata ya kuuliza bei ya geti. Penalti ilifungwa, na goli lile likaishusha daraja timu ya beki. Mwenyewe, kijana anayechoma mikate, alisimama mbele ya refa mikono kichwani. "Baba, umeona nini?"

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa nahodha wa timu ile kukiri kosa. Nahodha alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha ndani. "Samahani yako tuiweke wapi, mzee? Tumeshuka daraja."

"Ana haki," anasema Mzee wa Kupeta. "Asije mtu akasema nilikuwa shujaa. Nimewakosea. Yule kijana hakuwa na kiwiko kilichotua, alikuwa na mguu safi, nami nikampulizia."

Kwa mkewe alitegemea makubwa siku ile ya penalti. Walipotoka uwanjani, wamezungukwa na askari wawili na matusi ya kila rangi, mkewe alitembea na ndoo yake mkononi mpaka walipovuka barabara.

"Ile haikuwa penalti."

"Sasa najua."

"Lakini ulipuliza."

"Nilipuliza."

"Afadhali," mkewe alisema. "Leo nina mtu wa kugombana naye."

Na waligombana kweli, mpaka chakula kikapoa.

Saa nane mchana simu yake inaita akiwa karakanani. Anazima mashine, anakaa juu ya kipande cha bomba. Ni katibu wa kamati, mtu wa maneno laini.

"Mzee wangu, wenzio wameona fainali apewe mwingine. Wewe tumekupa ya mshindi wa tatu, Jumamosi. Usione tumekutupa."

"Ni kwa ajili ya penalti?"

"Kwa kweli, ndiyo."

"Na taya la kipa?"

"Lile tukio halikuwa wazi, mzee."

"Mimi nilikuwa pale. Lilikuwa wazi kiasi."

"Sasa mzee wangu, hayo tusiyafukue."

Anakata simu, anakaa. Anaonekana kama mtu aliyebeba mzigo mwendo mrefu na kuambiwa amekosea nyumba. Baadaye anampigia mkewe, anamweleza kwa maneno machache. Kinachojibiwa upande wa pili hakisikiki, ila yeye anaitikia mara tatu, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Ndiyo, goti pia."

Kanuni zina mlango mmoja mdogo. Refa anayefaulu jaribio la mbio anaweza kuongezewa mwaka mmoja baada ya arobaini na mitano. Jaribio ni mwezi ujao. Ndiyo sababu ya kukimbia kwenye umande. Fainali, anasema, wapewe wenye magoti. Yeye anautaka mwaka huo kwa jambo dogo zaidi: achezeshe msimu mmoja akipuliza anachokiona, hata kama ni nusu, na akubali kulipa.

"Miaka mingi nilisifiwa kwamba sina makosa, na sikuwa nimesema kitu," anasema, akilivuta geti karibu na mashine. "Ni kujificha kule, watu wote wakikutazama."

Anapangusa jasho kwa mgongo wa mkono.

"Jumamosi nitapuliza. Mkisikia nimekosea, msibishe. Itakuwa kweli."