Mkono Uliommiminia Koti Chai

Kaka yangu Gabrieli alisema uongo kwenye kipaza sauti kwa miaka saba, kila Jumamosi saa tisa alasiri, na watu wa Morogoro walikata tiketi kumsikiliza. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, Agnes. Nilikuwa nauza chai na vitumbua kwenye baraza yetu, hatua chache kutoka mlango wa sinema, na nilimjua kuliko mtu yeyote mjini. Kazi yake ilikuwa kutufasiria picha za Kiingereza. Kiingereza chenyewe alikuwa na cha salamu tu, alichokiokota misheni kule Matombo akimfulia padri kanzu.

Alishuka mjini kubeba magunia sokoni, akapata kazi ya kufagia sinema. Siku moja mfasiri wao akaugua koo, na Gabrieli akashikishwa kipaza sauti kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Hakukirudisha tena. Alitazama midomo ya wazungu, akatazama mikono yao, akatunga. Na alitunga vizuri, jamani, msidhani. Watu walitoka wakikariri maneno ambayo hakuna mzungu aliyewahi kuyasema.

Zilizopendwa kuliko zote zilikuwa picha za jasusi mmoja mwenye koti la kijivu. Jina lake la kweli halikumshika mtu. Sisi tulimwita Koti. Zilikuja nne, na zote nne Koti aliruka kutoka kwenye treni, akawatandika maadui, akamaliza akiwa na mrembo garini. Kinywani mwa kaka yangu, Koti aliwachukia mabepari na walanguzi kuliko hata viongozi wetu wa tawi la chama. Mzee Maneno, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa anakaa kiti cha mbele na kupiga makofi.

Mzee Maneno alikuwa pia mteja wangu. Kila asubuhi alikuja barazani, akakaa na Gabrieli, mimi nikawamiminia chai. Kumbukeni hilo.

Picha ya tano ilikuja mwaka ule wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, sabuni haionekani, sukari ya kupimiwa. Na mwaka ule mtu asiye na kazi mjini alikuwa anaandikwa jina na balozi wake, kisha anapandishwa lori kupelekwa kijijini kulima. Kwa hiyo kazi ya sinema ndiyo iliyokuwa ikimweka kaka yangu mjini. Bila hiyo, hana hoja.

Wiki moja kabla ya picha hiyo, wanamgambo waliingia dukani kwa Abasi, jirani yetu, wakakuta ameficha maboksi sita ya sabuni ya mche chini ya kitanda. Abasi akalala ndani siku mbili, sabuni ikachukuliwa, mtaa mzima ukabaki unaulizana nani amemsema. Mkewe, Mwajuma, aliacha kusalimia watu. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kufunga milango mchana.

Basi, Jumamosi ikafika, sinema ikajaa. Ile picha ilikuwa giza mwanzo mpaka mwisho. Mvua, vyumba vyenye moshi wa sigara, wazee wa kizungu wananong'onezana. Hakuna treni. Koti hakumpiga mtu. Yeye ndiye aliyepigwa, akafungwa kwenye kiti, na mwisho akaachwa amekaa peke yake kwenye benchi huku polisi wanakuja. Kabla ya hapo kulikuwa na mkono. Mkono tu, sura haionyeshwi, unammiminia Koti chai kikombeni, na baada ya chai ile mambo yake yote yakaharibika.

Gabrieli alibanwa. Watu wanaongea saa nzima na hakuna ngumi ya kumsaidia, atasema nini? Mkono ulipotokea, akaona pa kushika. Nikaisikia sauti yake ukumbini: "Ndugu watazamaji, kikulacho ki nguoni mwako. Aliyemuuza Koti ni huyu huyu anayemmiminia chai kila asubuhi."

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Sasa nimezeeka, niseme: aliyemsema Abasi ni mimi. Nilikwenda kwake na senti zangu kuomba mche mmoja, akaniambia hana, na jioni yake nikamwona mke wa karani anatoka uani na miche mitatu kwenye kanga. Hasira zikanipanda. Kesho yake, Gabrieli alipoingia ndani kutafuta viatu, nikamnong'oneza Mzee Maneno huku nammiminia chai. Basi. Na leo kaka yangu anatangaza habari ya mmimina chai mbele ya watu mia tatu, na Abasi mmoja wao.

Taa zilipowaka, watu hawakwenda nyumbani. Waligawanyika palepale mlangoni. Vijana wa mashamba ya mkonge walipiga kelele kwamba wameibiwa: stelingi gani, shujaa mzima, anapigwa makofi, stelingi hafi wala hafungwi, picha hii mashine imeikata mwisho. Mwalimu Stefano wa Mzumbe akasema hii ndiyo bora kuliko zote nne, kwa sababu ujasusi ndivyo ulivyo, si kurukaruka. Mzee Maneno akasema picha ya namna hiyo inawavunja watu moyo na ingefaa tawi liiangalie kwanza. Halafu wakahamia kwenye mkono. Wengine walisema ni wa bosi wake, wameona kucha fupi. Wengine wakaapa ni wa mwanamke. Abasi alikuwa anamtazama Gabrieli tu.

Jumapili, nikitoka misa ya kwanza, Mzee Maneno alikuwa ananisubiri barazani. Nikamwamkia, shikamoo yangu hakuiitikia. Akaniuliza kama nimemwambia kaka yangu. Nikamwambia sikumwambia, na hiyo ilikuwa kweli. Akasema basi Gabrieli kajuaje, na kama Gabrieli anajua, kesho Abasi atajua, na yeye balozi ataonekana mtu wa kupeleka maneno polisi. Aliondoka bila kunywa chai. Nami nikaanza kumshuku kaka yangu. Siku ile, viatu alivitafuta muda mrefu mno. Alikuwa nyuma ya pazia? Nikamtazama anavyokula, anavyocheka, nikaona kila kitu kina maana ya pili. Alipofika kwenye chai, akanyoosha kikombe kama kawaida, nami nikamimina huku namtazama usoni mpaka chai ikajaa sahanini.

Jioni balozi akaitisha kikao uani kwake. Alisema mfasiri ametia chuki mtaani, kwa hiyo aeleze: maneno yale yalikuwa ya picha, au yake? Hapo ndipo kaka yangu alipobanwa kwelikweli. Akisema ni ya picha, Mwalimu Stefano yupo, Kiingereza anakijua, atamkana. Akisema ni yake, basi anamjua mtu, amtaje.

Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama kwenye mkeka, Abasi mkabala wetu. Ningeweza kusimama. Sentensi moja tu ingetosha, na Gabrieli angelala kwake akiwa na kazi yake. Mzee Maneno alinitazama mara moja, na nikainamisha uso.

Gabrieli akasimama, akavua kofia. "Kiingereza sikijui," akasema. "Miaka saba nawatungia. Ule mkono niliuona kama mlivyouona ninyi. Chai niliitaja kwa sababu niliiona chai."

Mnadhani walimwamini? Thubutu! Mtu aliyesema miaka saba leo hajui? Vijana wakasema ametishwa. Wengine wakasema amenunuliwa na balozi. Mwalimu Stefano akajaribu kusaidia, akaeleza kwamba hata kwa Kiingereza picha haisemi mkono ni wa nani, imeachwa hivyo makusudi. Wakamwona naye ni walewale. Kila mtu akarudi kwake akiwa na mtu wake anayemshuku, na hakuna aliyenishuku mimi. Mimi ni mama chai, dada yake mfasiri. Nilishukuru Mungu, na nikaona aibu kwa kushukuru.

Aliyeamini alikuwa msimamizi wa sinema peke yake, na Jumatatu akampa Gabrieli barua ya kuachishwa kazi. Jumatano jina lake likawa kwenye orodha ya Mzee Maneno. Kaka yangu hakungoja lori. Alifunga godoro lake, akasema heri shamba la ukoo wa mama yetu kuliko shamba la kupangiwa, akapanda milimani kwa miguu kupitia Mkuyuni. Nilimsindikiza mpaka darajani. Njia nzima nilikuwa na ile sentensi mdomoni, na darajani nikamwambia aende salama.

Alirudi baada ya miezi minane, kunitembelea, na tenga la magimbi na ndizi kichwani. Amekonda, mikono imepasuka. Nilifurahi mpaka nikalia. Nikamwekea kigoda palepale pa zamani, nikachukua birika. Akaziba kikombe kwa kiganja, akasema huko juu ameacha chai, anakunywa maji tu.

Kisha akaingiza mkono chini ya magimbi, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka mapajani pangu. Ulikuwa mche mzima wa sabuni.

"Nimepita kwa Abasi," akasema. "Amesema nikupe. Amesema siku ile ulipomwomba alikunyima, na hakufanya vizuri."

Nikamuuliza kaka yangu, Abasi amejua lini?

"Siku ya kikao," Gabrieli akasema. "Balozi alipokutazama ukainama, mimi na yeye tulikuwa tunakutazama wewe."