Mfarishi Nilioumalizia kwa Cherehani

Binti yetu aliponiomba nimalizie mfarishi wa mama yake kwa cherehani, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilimwambia, "Ulete kesho asubuhi, mama yako akiwa hospitali."

Zilikuwa zimebaki siku tisa tumuage, ile sherehe ambayo vijana wanaiita sendofu. Mke wangu alikuwa ameteleza bombani akavunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, wakamfunga hogo la plasta. Mfarishi aliokuwa akimshonea binti ulikuwa umepita nusu, ukasimama hapo.

"Baba, si wewe ndiye fundi?" binti alisema, amesimama mlangoni pa kibanda changu cha kushonea hapa Chemchem. "Wakwe wanakuja wote kutoka Nzega. Nifunuliwe kitu nusu mbele ya watu?"

"Mama yako amesema uende nao hivyo hivyo."

"Amesema kwa sababu hana mkono. Akiuona umekamilika atafurahi. Na kwako wewe ni kazi ya saa mbili tu."

Hapo ndipo aliponipata. "Saa mbili?" nilimjibu. "Hazifiki."

Kwa asiyewahi kujifunika mfarishi wa kwetu, ni kanga kuukuu zilizopangwa tabaka mbili, katikati pamba, halafu vyote vinashonwa pamoja ili pamba isikimbie. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya asubuhi ya Tabora inapoingia mifupani, hakuna blanketi la dukani linaloufikia. Pamba yetu hutoka Igunga, inachambuliwa kwa vidole na kupigwa kwa fimbo nyembamba mpaka inavimba. Mjuzi wa kazi hiyo alikuwa mama mkwe wangu, mwanamke wa Tura. Yeye alisema wanawake wa kwao waliipata kwa watu wa misafara, enzi wapagazi walipokuwa wakilala hapo na mizigo yao, wakienda pwani na kurudi. Kama ni kweli sijui. Watu wa Tura husema kila kitu kizuri kilipita kwao kwanza.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Usoke. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, nikajifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa mjini, na cherehani ya kukanyaga ikawa ndiyo shamba langu. Mpaka leo naishukuru. Imesomesha watoto wanne na kuezeka nyumba ninayoandikia haya. Nikiisema vibaya mahali popote katika simulizi hii, msomaji anisahihishe.

Nyumbani mimi na mke wangu tulikuwa na utani wetu wa miaka. Mimi barazani na sare za shule, yeye mkekani na sindano yake.

"Mshono wako una haraka kama abiria aliyesikia honi ya treni," alikuwa akiniambia.

"Na wako?"

"Wangu umeshafika. Umekaa, unakunywa uji."

Siku moja nilimnyanyulia suruali nimwonyeshe mstari wangu ulivyonyooka. Akautazama kwa makini kweli, kama mkaguzi. "Umenyooka," akasema. "Hata reli imenyooka, lakini nani anailalia?"

Nilicheka sana siku ile. Nashukuru kwamba nimeishi na mtu anayenichekesha kazini, maana mafundi wengi ninaowajua wanazeeka peke yao na redio.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze, kwa kuwa kosa langu lilikaa ndani yake. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Nilipokwenda Tura nilisalimu kutoka uani, macho chini, "Shikamoo, mama," naye akaitikia "Marahaba, baba" kutoka upande wa pili wa ukuta. Akiwa ameketi mkekani amenyoosha miguu, kazi mapajani, mimi njia hiyo siipiti. Kushika nguo yake ndiyo kabisa, hata iliyoanguka kambani. Kila mwaka mvua zikiisha, mke wangu alipanda treni na mfarishi wetu kwenda kwa mama yake. Alirudi baada ya wiki mbili, mfarishi umenenepa tena, unanukia jua. Nilidhani wanaufua. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilidhani wanaufua tu, na sikuuliza. Ya mkekani kwa mama mkwe hayamhusu mkwe, ndivyo nilivyolelewa. Sasa naona kwamba heshima ilinipa pia kisingizio kizuri cha uvivu wa kuuliza.

Mama mkwe alifariki akaacha kanga sita. Mke wangu alizikunja, akazitia sandukuni, na binti yetu alipochumbiwa akazitoa. Alisema zote sita zitakuwa mfarishi wa mjukuu. Akaanza katikati. Alisukuma pamba kwa kiganja mbele ya sindano, bandi fupi fupi za mkono, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anayesuka ungo. Alishona hivyo miezi minne, baada ya chakula cha mchana, mpaka siku aliyoteleza bombani.

Aliporudi na hogo alimwita binti, nami nikiwepo. "Utakwenda nao hivi ulivyo," alisema. "Ukijifungua utarudi nyumbani, tutaumalizia pamoja. Nusu yangu, nusu yako. Wala si aibu."

Nilisikia kila neno. Nataka hilo lieleweke.

Asubuhi ile binti aliuleta ameukumbatia kama mtoto. Nilipozishika zile kanga nilikumbuka kwamba ni nguo za mama mkwe. Nikajiambia marehemu hana nguo tena, ni vitambaa. Nikaweka sindano nene, nikatia uzi wa nailoni ninaoshonea mabegi ya shule, nikaanza pale mizunguko ya mke wangu ilipoishia. Mguu wa cherehani uliisukuma kanga ya juu ikaitangulia ya chini, pamba ikajikusanya ukingoni. Niliivuta kwa nguvu nikaendelea. Nilipiga mistari iliyonyooka, karibu karibu, na saa mbili hazikufika. Nilikata uzi nikajisikia fundi kuliko siku yoyote.

Siku ya sendofu mfarishi ulifunguliwa mbele ya wakwe, wanawake wakapiga vigelegele. Mama mmoja wa upande wa Nzega aliuliza, "Huu umenunuliwa wapi?" na binti akajibu kwa sauti, "Ni mama na baba!" Watu wakazidi kushangilia. Mke wangu alisogea na hogo lake. Alipitisha mkono wa kushoto juu ya mizunguko yake, taratibu, mpaka ilipoishia, na hapo mkono ukasimama.

"Umenyooka," alisema.

Nililipokea neno hilo kama sifa. Mle ukumbini, katika kelele zile, nililipokea kama sifa na kutabasamu.

Mwaka wa pili yake, mwezi wa tano, binti alikuja kutoka Nzega, mtoto mgongoni na mfarishi ndani ya kiroba. "Mama, upande wa baba umekuwa madonge," alisema akicheka. "Tunalala kama tumelalia viazi." Mke wangu, ambaye mkono ulikuwa umeshapona, alitandika mkeka uani. Kisha akaniita.

"Njoo ukae hapa uone. Mama hayupo wa kumkimbia."

Nikakaa. Alikata fundo moja katikati, akashika ncha ya uzi, akavuta. Uzi ulitoka mrefu, mzima, mzunguko baada ya mzunguko, na kanga zikaachana bila hata tundu la kuonekana. Pamba ilikuwa chini yake imelala kama alivyoiacha.

"Kila mwaka mvua zikiisha," alisema, "tunafumua, tunaanika pamba, tunaipiga, tunashona upya. Ndiyo maana mfarishi wetu hauzeeki. Wewe ulidhani tunakwenda Tura kufanya nini?"

"Kuufua."

Binti alicheka mpaka mtoto akaamka. Mama yake hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshafika upande wangu.

Uzi wa cherehani hauvutiki. Wa juu na wa chini zimeshikana katika kila hatua ya sindano. Alijaribu kwa wembe, hatua moja moja. Lakini nailoni ilikuwa imeshaikata kanga kuukuu, na kanga ikachanika kando ya mstari kama karatasi ya daftari. Akajaribu mstari mwingine. Ukachanika. Alirudi akaanza upande wa pili, polepole zaidi, huku akibana midomo, na mimi nilitazama nguo za mama yake zikigeuka tepe mkononi mwake, moja baada ya moja. Tatu ziliisha hivyo. Maneno yaliyoandikwa kwenye pindo zake hayakusomeka tena.

"Hii cherehani," nilianza.

"Cherehani haina masikio," alisema. "Wewe ulinisikia."

"Mama, mimi ndiye niliyemwomba," binti alisema.

"Wewe ulikuwa bibi harusi, na bibi harusi anaomba hata mwezi. Huyu ni mtu mzima."

Nikasema, "Nilikusikia. Na nikafanya." Kulikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, kuhusu wakwe na siku tisa na hogo. Niliyameza. Ni mojawapo ya mambo machache ya siku ile ambayo siyajutii.

Alizikusanya tepe zile mapajani. Kisha akainuka. "Leteni pamba tuianike," alisema. "Jua halitusubiri."

Mke mwingine angenifungia mlango. Huyu, kesho yake alinitia sindano mkononi. "Kaa. Kama ni kushona vya watu, ujue vinavyoshonwa." Kwa wiki mbili nilikaa mkekani kama mwanafunzi, mimi niliyeshona suti za maharusi wa nusu ya mtaa huu. Vidole vyangu vilizoea kuongoza kitambaa kinachokimbia. Sasa kitambaa kilikaa na mimi ndiye niliyetakiwa kwenda.

"Usivute hivyo, unafunga mbuzi?"

"Nimelegeza."

"Umelegeza mno. Pamba itatoka kutembea."

Mkwe wetu alipiga simu kutoka Nzega kusalimia, akasikia kinachoendelea. "Shikamoo, mzee," alisema. "Nasikia umerudi darasa la kwanza."

"Marahaba. Nimerudi, na mwalimu ana fimbo ya pamba."

Kwa kanga tatu zilizobaki tulishona mfarishi mdogo wa mjukuu. Katikati ni bandi za mke wangu, zinafuata za binti, na ukingoni zangu, zinazopanda na kushuka kama mtu aliyelewa. Mtoto analala juu yake bila kubagua. Kila mwaka mvua zikiisha wanakuja, tunaufumua, tunaanika, tunaushona tena, na kila mwaka mstari wangu unatulia kidogo. Nashukuru kwa mkeka ule. Nilikuwa nimefika uzee bila kujua mke wangu hufikiri nini akiwa anashona. Sasa najua, maana ananisimulia: habari za mama yake, za utoto wa Tura, za wachumba aliowakataa kabla yangu, ambao wanaongezeka kila mwaka. Baridi ikimshika mkono ule uliovunjika, mimi ndiye ninayemtungia uzi.

Wateja wakileta mashuka mapya niwashonee mifarishi kwa mashine, nashona, na wanafurahi. Ni mizuri kwa mtu asiyekusudia kuifungua. Akija mtu na kanga za marehemu, namrudisha. Namwambia atafute mikono ya nyumbani, na kama haipo, azikunje zikae. Wengine wanaona nina maringo.

Sitaki kumaliza kwa shukrani peke yake, kwa kuwa isingekuwa kweli yote. Kanga tatu kati ya sita za mama mkwe wangu ziliharibika mikononi mwangu, na zaidi ya zile tatu zilizobaki, nyingine zake hazipo. Na kuna hili pia. Zamani mke wangu akisafiri alinipa ufunguo wa sanduku lake la kanga bila hata kunitazama, kama mtu anayejipitishia kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tangu siku ya tepe zile, akisafiri, anauacha kwa jirani.