Reli ya Kupigilia na Reli ya Kung'oka

Niliwahi kumwinulia mke wangu nyundo, na sababu ilikuwa reli ya mchezo, nyembamba kama waya ya mwavuli.

Miaka ya tisini nilikuwa mtu wa genge la reli huko Kajiado, kwa ile laini ya kuteremka Magadi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kupiga msumari nilijua. Genge letu lilikuwa na msemo: reli ya kung'oka ni reli ya mwizi. Wezi walikuwa wanafungua nati wauze chuma. Siku moja saa nne asubuhi tukashika mmoja, spana yake bado imeshika nati. Tulimpiga na mipini ya sururu mpaka akaacha kulia, na huko kuacha kulia ndiko kulitushtua. Aliishi, lakini mguu mmoja haukunyooka tena. Mimi nilipiga kama wengine. Hakuna mtu alinilazimisha.

Kazi ikaisha, nikahamia Kitengela, nikawa askari wa geti kwa injinia mmoja. Huyo alikuwa na mbwa wa kula parachichi, lakini hiyo tuiache. Akihama akaniachia katoni: kichwa cha treni kidogo kama kipande cha sabuni, mabehewa manne, kisanduku cha stima cha kuiendesha, na reli za aina mbili. Za kwanza ni ndefu, zinapindika unavyotaka, lakini lazima uzipigilie kwa mbao. Za pili ni vipande vifupi, vingine vimenyooka, vingine vya kona. Ukisukuma vinashikana, ukivuta vinaachana, na kesho unapanga tena vile unataka.

"Kwa nyumba ndogo kama yako chukua hizi fupi, mzee," akaniambia. "Hizo ndefu ukishapigilia, kuzitoa ni kuziharibu."

Nikacheka ndani kwa ndani. Yaani ananipa za mwizi.

Sisi tulikuwa na chumba kimoja na meza moja. Hiyo meza ni ya mke wangu. Juu yake alisukuma chapati za kuuza stendi kila jioni, na chapati ndizo zilitulisha. Akaniambia, "Cheza, mzee, lakini nikirudi nipate meza iko wazi." Akaenda kununua unga.

Nikachukua zile ndefu, nikapigilia. Msumari kila vidole viwili, kama kazini. Treni ikazunguka bila kuyumba.

Alirudi saa kumi. Akavuta reli, ikakataa.

"Umepigilia meza yangu?"

"Reli hupigiliwa, mama."

"Na chapati nisukumie wapi? Kwa upara wako?"

Akatoa panga la kukatia kuni chini ya kitanda. Pigo la kwanza lilikata reli, la pili likaingia mbao, panga likakwama hapo. Behewa likapiga ukuta, likapasuka. Hapo ndipo nyundo ilikuwa juu, mkono ni wangu, na sijui niliiinua saa ngapi.

Hakurudi nyuma. "Piga," akasema. "Si umezoea watu hawana kitu mkononi?"

Habari ya yule wa spana nilimpa mimi mwenyewe, nikijisifu. Nikakawia. Yeye hakukawia: alishika mti wa kusukumia chapati, ukanipata kwa kifundo cha mkono, nikasikia mfupa ukilia. Nyundo ikaanguka.

"Hiyo ni ya meza," akasema. "Yangu bado."

Misumari niling'oa na mkono wa kushoto, reli zote zikavunjika vipande vipande. Baada ya hapo ni zile fupi tu. Na wewe ukichagua, chukua zenye kitako chake cha plastiki chini, hizo hazitaki msumari, na uvute kila kiungo kidogo kwanza, kikilegea, usichukue.

Mwezi mzima hakuniongelesha. Akirudi anapitisha kiganja juu ya meza, halafu anamwaga unga. Siku moja akanikuta treni bado inazunguka. Nikaruka kung'oa.

"Wacha imalize," akasema.

Akasimama hapo na unga wake mkononi. Ikazunguka mara mbili. Nikazima, nikavuta kipande kwa kipande, yeye akianza kufunga leso kiunoni asukume chapati.