Sahihi ya Kila Februari

Miti ya mtaa wetu hukatwa matawi kila baada ya miaka sita, nami tangu nihamie katika jengo hili nimeiona ikikatwa mara tisa. Ilipokatwa mara ya nane, Lavinia Bercean alikuwa bado hajulikani na mtu hapa mjini Cluj, Romania. Ilipokatwa mara ya tisa, mwezi Februari uliopita, alikuwa amesimama dirishani ghorofa ya juu yangu, akiyatazama matawi yakianguka juu ya theluji. Habari za watu wa namna yake haziandikwi; ndiyo maana naziandika.

Alizaliwa katika mji wa Bistrița, binti wa mpima ardhi, na kazi yake mwenyewe ni kuchora ramani za viwanja. Alikua akijua kwamba mstari mmoja wa wino waweza kuwagombanisha ndugu wawili hadi kaburini. Mumewe, Dacian, alipopata kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari huku kwetu, Lavinia alilikabili suala la kuhama kwa mkono wa mtu wa kazi yake. Alitandika karatasi kubwa juu ya meza ya chakula, akachora mji na vitongoji vyake tisa, kisha akapima kwa rula umbali wa kutoka kila kitongoji hadi shule, zahanati, bustani ya watoto na kituo cha basi. Kilichoshinda ni kitongoji kipya kiitwacho Valea Merilor. Hewa ilikuwa safi, majirani walikuwa familia changa, na katika picha ya wajenzi ilionekana shule yenye paa la buluu, hatua mia tatu kutoka mlangoni. Walitia sahihi mkopo wa miaka thelathini.

Walipohamia, pale palipopaswa kuwa na paa la buluu palikuwa na shamba la mahindi na kunguru. Shule iliyokuwapo ni ile ya zamani ya kijiji, vyumba vinne, ikipokea watoto kwa zamu tatu, na zamu ya mwisho ilitoka giza likiwa limeshaingia. Binti yao Ilinca alikuwa anakaribia miaka sita. Mdogo wake, Toma, alikuwa bado wa kubebwa.

"Si wewe uliyepima kwa rula?" Dacian alimwambia. "Kunguru hukuwaona?"

"Nilipima picha," Lavinia alijibu.

Jirani wa mlango wa pili alimpa dawa bila hata kushusha sauti.

"Tafuta bibi wa mjini akuandikishe kwake. Sisi sote huku tumefanya hivyo. Unampelekea kahawa na chokoleti, anakwenda nawe ofisi ya makazi, anatia sahihi kwamba unakaa kwake. Mtoto anaingia shule nzuri, wewe unarudi kulala kwako. Ila ni kila mwaka, Februari, na lazima bibi aseme kwa kinywa chake. Kwa hiyo tafuta mwenye afya."

Shule bora ya upande wetu iko mwisho wa mtaa huu huu, na mpaka wa eneo lake unapita katikati ya barabara: nyumba za kushoto ni zake, za kulia si zake. Jengo letu liko kushoto. Ndivyo Lavinia alivyofika kwa Letiția Câmpean, mjane aliyetunza maktaba ya shule hiyo miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwapo, kwa kuwa nilikuwa nimempelekea mkate uliobarikiwa kanisani.

"Kahawa rudisha, nina presha," Letiția alisema. "Chokoleti acha."

"Asante, shangazi. Ni karatasi tu. Hatutakusumbua, hata hutatuona."

"Hilo ndilo linalonisumbua. Nikifika kule nitasema mnakaa kwangu. Serikali itaandika, na Mungu atasikia. Nina miaka sabini na tisa, mwanangu. Uongo mpya nitautubu lini?"

"Kila mtu anafanya, shangazi."

"Basi wewe fanya kingine. Kaa."

"Nikae wapi?"

"Hapa. Chumba kile. Jumapili jioni mpaka Ijumaa, wewe na watoto. Ukikaa, natia sahihi. Usipokaa, ondoka na chokoleti yako."

Lavinia alicheka, akidhani anataniwa. Kisha alimtazama usoni yule bibi, akaacha kucheka.

Katika miji ya kale ya Wayunani, mgeni aliyetaka kuishi ndani ya kuta alipaswa kuwa na mwenyeji wa kusimama kwa niaba yake mbele ya wakuu. Alifanya kazi, alilipa kodi, alizaa watoto, lakini ardhi hakumiliki, na akikosa mdhamini aliweza kushtakiwa. Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana habari hizo kama mambo yaliyokwisha. Sasa nilizisikia zikitembea juu ya dari yangu.

Chumba walichopewa kilitazama ua wa ndani, usiofikiwa na jua isipokuwa robo saa adhuhuri. Ndani yake mlikuwa na kabati kubwa lenye makoti ya marehemu bwana Câmpean, nalo halikuruhusiwa kuguswa. Meza ya Ilinca ilipowekwa, mlango wa kabati ukawa unafunguka nusu, na mlango wa chumba ukawa unafunguka nusu. Ukifungua huu, ule haufunguki. Nguo za Lavinia zilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Alisema hatazipanga popote, kwa kuwa ni kwa muda tu.

Jumatano na Ijumaa hapakupikwa nyama wala maziwa, na katika majuma ya mfungo hapakupikwa hata yai. Ilinca, mtoto mwenye ulimi mwepesi, alimuuliza bibi siku moja kama Mungu hukasirika mtu akinusa soseji.

"Hukasirika ukinusa mara mbili," Letiția alimjibu.

Kila Ijumaa Dacian aliwafuata kwa gari, na kila Jumapili jioni aliwarudisha. Mwanzoni alifanya mzaha. Aliniambia ngazini, "Mzee, watu wengine wana nyumba ya mapumziko. Mimi nina mke wa mapumziko." Mwaka wa pili hakuurudia mzaha huo. Mwaka wa tatu alikuwa akibaki garini, injini ikiunguruma, akisubiri watoto washuke wenyewe. Lavinia alikuwa amepanga nyumba ya Valea Merilor chumba kwa chumba. Sasa akifika huko alitafuta vijiko kwenye droo isiyo yake.

Lakini shule ilikuwa kama ilivyosifiwa. Ilinca alistawi. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililomfunga mama yake kuliko kufuli.

Novemba ya mwaka huo wa tatu Letiția alianguka jikoni, akavunjika nyonga. Hakuwa na ndugu isipokuwa mpwa mmoja aliyeko Kanada, ambaye hutuma kadi za Pasaka. Lavinia ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyechora ramani zake kwenye meza ya jikoni akisikiliza kama ataitwa. Na alihesabu. Ilinca alikuwa ndani tayari, lakini Toma angeandikishwa baada ya Februari mbili, na bila pumzi za bibi huyu hapangekuwa na sahihi, na bila sahihi mtoto angerudi kwenye zamu tatu.

Kanisani kwetu kila nyumba huandika karatasi ya majina, walio hai upande mmoja na marehemu upande wa pili, na padri huyasoma yote mbele ya madhabahu. Katika mfungo wa Noeli wa mwaka uliofuata Letiția aliiona karatasi ya Lavinia juu ya meza, akaomba apewe miwani.

"Umeniandika wa kwanza," alisema. "Juu ya mumeo. Juu ya watoto."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa sababu ya Februari."

Lavinia aliniambia baadaye kwamba alikuwa na majibu matatu mazuri, yote ya uongo. Alisema, "Ndiyo."

Bibi alimrudishia karatasi. "Niache hapo hapo. Sala yenye Februari ndani nayo ni sala."

Miaka hiyo miwili afisa wa makazi alikuja mwenyewe hadi kitandani. Toma aliandikishwa. Septemba alianza darasa la awali, na Septemba hiyo hiyo, kule Valea Merilor, pale palipokuwa na mahindi, ilifunguliwa shule mpya yenye paa la buluu. Ilikuwa na bwawa la kuogelea, walimu vijana, na zamu moja tu.

"Hatua mia tatu," Dacian alisema. "Nimezitembea. Mia tatu na nne, maana njia ina kona. Rudini nyumbani, Lavinia. Karatasi haina kazi tena."

"Mpaka Noeli ipite."

Noeli ikapita. Akaahidi kwamba Februari, badala ya kuomba sahihi, ataaga. Angemtafutia bibi mtu wa kumtunza kwa malipo, angekuja kila Jumamosi. Maneno yake aliyaandaa kwa majuma mengi. Nilimsikia akiyapima peke yake ndani ya lifti.

Asubuhi ya siku ile, wakati wakata matawi wameanza na misumeno yao mtaani, aliingia chumbani kwa bibi na kumkuta ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa koti jeusi na kofia ya sufu, mkoba mapajani. Ilinca ndiye aliyemvisha kabla ya kwenda shule. Mimi nilikuwa nimeitwa nibebe blanketi.

"Mwaka huu nakwenda mwenyewe," Letiția alisema. "Yule kijana wao akija hapa ananiandika kama anaandika maiti."

"Shangazi, kuna jambo nataka kusema."

"Na mimi ninalo, tangu nianguke. Ngoja nianze, nisije nikasahau. Katika umri wangu ni aibu kumwomba Mungu miaka. Mimi namwomba Februari. Namwambia, Bwana, watoto wana shule, na mwenye sahihi ni mimi, niache mpaka Februari. Ananiacha. Ikipita, naanza kuomba nyingine. Mara tatu sasa amenisikia. Bila hiyo ningekuwa nimekwenda zamani, mwanangu, sioni lingine linaloniweka." Akavuta glavu. "Haya, wewe ulitaka kusema nini?"

Lavinia aliinama, akamfunga kifungo cha juu cha koti.

"Kwamba mlangoni kuna barafu," alisema. "Tutapita upande wa ua."

Ofisini mwanamke wa dirishani alifungua daftari, akauliza kwa mazoea, "Ni kwa ajili ya shule?"

"Hapana," Lavinia alisema. "Ni kwamba nakaa hapo."

Letiția alitia sahihi polepole, herufi kwa herufi, akaiangalia, akaridhika.

Jioni simu ililia ukumbini, nami nilikuwa bado nakunja blanketi.

"Umemwambia?" sauti ya Dacian ilisikika hadi nilipo.

"Nimemwambia kuna barafu."



"Mia tatu na nne, Lavinia."

"Najua. Na kona."

Alikata simu, akaenda kwenye dirisha la ukumbini, la upande wa mtaa. Chini wakata matawi walikuwa wamemaliza, na miti ilisimama mitupu kama ngumi. Kisha aliingia chumbani mwao, mlango ukibaki nusu wazi, akapiga magoti, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalifungua. Nilidhani anapanga kuondoka. Alitoa nguo za majira ya baridi, akazikung'uta, akazirudisha chini na kuweka juu nguo za majira ya kuchipua, akalisukuma sanduku palepale.

Bwana, uliyeijua sala ya kila mmoja wao kabla haijafika mdomoni, mpe mja wako Lavinia nguvu ya kuibeba karatasi yake, na siku moja mlango unaofunguka hadi mwisho. Mkumbuke Dacian katika nyumba yake yenye taa moja, uwalinde Ilinca na Toma, umpe Letiția kiasi utakachoona, na wote uwakusanye chini ya paa moja, hapa au kwako. Amina.