Chungu Kisicho na Chumvi

Wifi yangu alipoingia chumbani na kukuta kiti kimepinduliwa kitandani, miguu juu, nyuma ya mgongo wa mume wangu, alisimama mlangoni akasoma audhubillahi. Hakunisalimia. Alimpa pole mdogo wake kwa mbali, akatoka uani, akakaa juu ya kinu kilicholala na kunitazama nikichambua mchele.

"Kile kiti," alisema mwishowe, "nani kakufundisha?"

"Nesi."

"Nesi gani huyo anayepindua viti?"

Ndivyo tulivyoanza. Asubuhi ile alikuwa ametoka Puge juu ya lori la karanga baada ya kusikia mdogo wake anaumwa, na kabla hajatua furushi lake alikwisha kata shauri kwamba anayemuumiza ni mimi. Mimi nami nilikwisha kata shauri kwamba amekuja kuitolea macho nyumba yetu. Hakuwa amesema neno lolote la nyumba. Ila mimi ni mtu wa kushuku. Hata nikiletewa sadaka nauliza kwanza imetoka kwa nani.

Mume wangu alikuwa mshonaji, hapo hapo barazani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Ugonjwa ulimwanzia miguuni. Makubadhi yalimbana, akasema ngozi imesinyaa kwa jua. Baadaye akawa anafika katikati ya mshono, anaacha kukanyaga cherehani, anainama akijifanya anatafuta uzi ulioanguka, kumbe anatafuta pumzi. Akilala chali alishtuka akihema, macho yamemtoka. Hospitali walimlaza, wakamchoma sindano za kutoa maji, akakojoa mpaka miguu yake ikarudi kuwa miguu niliyoijua. Kisha wakamruhusu, na wakamwambia nesi awe anapita kumtazama nyumbani.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo aliyelelewa misheni, baiskeli yake inalia mnyororo tangu mwanzo wa mtaa. Ndiye aliyenieleza ugonjwa ule nikauelewa. Aliuweka mkono wake juu ya cherehani akasema, "Mama, mkanda huu ukilegea, unakanyaga lakini sindano haiendi. Moyo wa bwana umelegea namna hiyo. Unapiga, lakini damu haifiki inavyotakiwa, na maji yanabaki njiani." Ndiyo maana alitaka mgonjwa alale ameegemea, na kwa kuwa mito yetu haikutosha, akakipindua kiti chetu cha barazani na kukifunika blanketi. Alinifundisha kubonyeza mguu kwa kidole gumba kila asubuhi: shimo likibaki, maji yamerudi. Na chumvi, alisema, asionje kabisa. Chumvi inayashika maji mwilini yasitoke.

Sharti hilo la chumvi ndilo lililomwasha wifi yangu. "Babu yetu alibeba chumvi kichwani kutoka Uvinza mpaka hapa Tabora, shingo yake ikapinda," alisema. "Leo mjukuu wake anapikiwa chakula cha mashetani?"

Maana wanaopelekewa chakula kisicho na chumvi ni mashetani, na kila mtu pale mtaani alilijua hilo. Niliwaona majirani wakinyamaza nikipita kisimani.

Basi wifi akaanza kuonja. Nikipakua, yeye huyo, anamega kwenye sahani ya mdogo wake kabla hajala, anatafuna polepole huku ananitazama. Nilitamani kummwagia mchuzi. Sikummwagia, niliacha kumkaribisha uji tu. Baada ya siku chache akaomba jiko lake mwenyewe pale uani. Akawa anampikia mlenda wa majani makavu aliyokuja nayo kutoka Puge, ule wa mama yao, na mgonjwa aliyekuwa akisukuma sahani zangu pembeni akaanza kula mpaka analamba vidole. Sasa ikawa zamu yangu. Nilionja kila bakuli lake. Mlenda haukuwa na chumvi. Nilisubiri ameenda sokoni nikapekua furushi lake, nikakuta kanga, tasbihi, majani makavu, na vijiwe vya magadi vimefungwa kwenye kitambaa. Chumvi sikuiona hata chembe, nikavirudisha vyote kama nilivyovikuta.

Na miguu ikaanza kuvimba tena.

Nilibonyeza asubuhi, shimo likabaki. Nilibonyeza kesho yake, likazidi. Nilimshuku wifi, nikamshuku jirani aliyeleta maziwa, nikafikia kumshuku nesi na vidonge vyake, maana kila akija alimshika mgonjwa mkono, anatazama saa, anasubiri, ndipo anampa kidonge. Na mimi nikajiuliza anasubiri nini. Mume wangu alikuwa akizama mbele ya macho yangu, na kila mkono uliomgusa niliuona mbaya.

Wifi naye hakulala na lake. Alimwita baba mdogo wao, mkubwa wa ukoo, wakaweka kikao uani mchana kweupe. Mgonjwa alikuwa chumbani ameegemea kiti chake, mlango wazi, anatusikia.

"Mkwe wangu," baba mdogo aliniambia, "sisi hatukufukuzi. Ila nenda kwenu Choma upumzike, huyu dada yake amwuguze."

"Nikimwacha atakufa, baba."

"Mbona unaye, naye anakufa?"

Nilijua nikitoka pale sirudi, na akifa nikiwa sipo, nitakuwa mchawi hadi nazikwa. Ndipo tukasikia mnyororo wa baiskeli.

Nesi aliwaamkia wazee, akaingia, akabonyeza mguu, akatoka amekunja uso. Aliomba aone vyungu vyote, vyangu na vya wifi. Wifi akaleta bakuli lake kwa mikono miwili, amejaa fahari.

"Mimi sharti nimelishika. Chumvi sijatia. Onja mwenyewe."

Nesi akaonja. Akaonja tena. "Majani makavu haya, dada, yamelainikaje hivi?"

"Kwa magadi. Mlenda utapikwaje bila magadi?"

Nesi akaweka bakuli chini. "Magadi na chumvi ni ndugu. Yakifika mwilini kazi yao moja, yanashika maji. Wengi hawajui. Na mimi nilipaswa kuuliza."

Wifi alibaki na mikono yake imekaa vile vile ilivyokuwa imeshika bakuli, akaanza kulia kwa kwikwi. Mimi nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi, na mume wangu anahema chumbani. Kisha sauti yake ikatoka mlangoni, kipande kipande. "Dada, usilie. Mlenda ulikuwa mtamu."

Magadi yakaachwa, sindano zikarudiwa, maji yakashuka. Cherehani ya miguu tuliibadilisha kwa ya mkono, akawa anashona vitu vidogo, kofia na mifuko ya mito. Wifi hakurudi Puge. Alijifunza kubonyeza mguu, na kila mlo alikaa na mdogo wake, wakala sahani moja isiyo na chumvi wala magadi, ili asile peke yake. Lakini mimi niliendelea kuonja vya kwake, naye vya kwangu. Hatukuacha. Tulifanya hivyo mavuno kadhaa, bila kusema.

Mume wangu alifariki asubuhi moja akiwa ameegemea kiti kile, kofia haijaisha mkononi. Uji wake wa mwisho nilimnywesha mimi. Waliporudi kutoka makaburini, baba mdogo akauliza mbele ya watu wote, "Chakula cha mwisho alipewa na nani?"

Watu wakanigeukia mimi.

"Nilimpa mimi," wifi akasema. Na dada wa marehemu hakuna anayemuuliza zaidi.

Jioni aliniletea sahani ya ugali na maharage chumbani nilimokaa eda. Nikamuuliza kwa nini amesema vile. Moyoni nilikuwa nimekwisha anza kutafuta anachokitaka kwangu. Aliona jinsi nilivyokuwa nikiitazama ile sahani, akachuchumaa, akamega tonge, akachovya, akatafuna mbele yangu mpaka akameza.

"Ina chumvi," alisema. "Kula, wifi."

Nikala, na hapo ndipo nilipoanza kulia.