Msindikizaji wa Gari la Kiti Kimoja

Mimi si mtu wa safari, na yeyote anayenijua atawaambia hivyo. Nimezaliwa Kibokoni, nimesoma Mombasa hadi kidato cha nne, na kivuko cha Likoni nakipanda tu nikiwa na mtu wa kunishika mkono. Kwa hiyo familia ilipotaka mtu wa kutumwa Dubai, nilichaguliwa kwa sifa moja tu: mimi ni shangazi.

Binti wa ndugu yangu Hamid, Zuhura, ana miaka kumi na sita. Alizaliwa huko huko Dubai, mamake akafariki huko huko, na mwaka huu timu moja ya mbio za vijana ilimpa gari aendeshe msimu mzima: mashindano matano, kila moja na wikendi yake. Alishamaliza matatu ndipo picha yake akiwa ndani ya gari hilo ikafika Mombasa. Ami Salim, mdogo wake marehemu baba yetu, aliikuza kwenye simu kwa vidole viwili, akauliza, "Na huyu mtoto wa kike humu ndani amekaa na nani?"

Kwetu msichana haendi hata harusi ya jirani bila mtu mzima kando yake, na mtu huyo huwa ni shangazi. Ami akakata shauri: Mwanaisha, yaani mimi, aende, akae naye, atazame. Akiona hapafai, aseme, na Hamid amtoe mbioni. Hamid akakubali kwa simu, maana neno la shangazi juu ya binti wa ndugu yake ni zito kuliko la baba.

Nami, kwa akili zangu za kidato cha nne, niliamini nitakaa kando ya dereva. Nilishona hata suruali nene ya kuvaa chini ya buibui.

Hewani nilimaliza dua za safari kabla hatujatulia angani, nikahamia za kula na za kuvaa nguo mpya. Hamid alinipokea akanipeleka kwake Al Twar, ghorofa ya pili, nikashukuru kwamba si ya ishirini.

Ijumaa asubuhi tulifika uwanja wa mbio, nje ya mji. Gari lilikuwa limelala chini kama mjusi, magurudumu nje, bila paa. Nililizunguka mara mbili nikitafuta mlango.

"Mimi nitakaa wapi?" nikauliza.

Fundi mkuu, Mganda aitwaye Okello, alinitazama kwa heshima kubwa. "Mama, hapo ni yeye tu. Hata chapati haiingii."

Zuhura akacheka mpaka akajishika mbavu. "Shangazi, ulikuja kukaa na mimi?"

"Nilitumwa."

"Basi karibu, kiti ni hicho," akanionyesha rundo la matairi. Nikakaa juu ya matairi, mwakilishi wa ukoo mzima.

Kutoka hapo niliona anavyofungwa. Dereva hawezi kukaza mikanda yake mwenyewe. Mafundi wawili huivuta kila mmoja upande wake, na yeye husema "kaza" mpaka pumzi imwishie. Kisha akaondoka, na mlio ule ukanipitia kifuani.

Jumamosi, shindano la nne. Mzunguko wa sita, gari la manjano lilimgonga kwa nyuma kwenye kona. La Zuhura likazunguka, likapiga ukuta, na gurudumu moja likaenda zake. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeng'ata mtandio.

Alitoka mwenyewe. Daktari akampima akakuta bega limevilia damu mahali pa mkanda, basi. Baba wa mvulana wa gari la manjano akaja, mpole kabisa, akamwambia Hamid kwa Kiarabu, Okello akinitafsiria, "Mchezo huu si wa wasichana, ndugu yangu. Khalas, mpumzishe." Kabla hajafika mbali, simu yangu ikaleta sauti ya Ami, ambaye video ya ajali ilikwisha kumfikia: "Mwanaisha, umejionea. Mlete nyumbani."

Jumapili, Al Twar, tukiwa mezani, Hamid aliweka karatasi mbele yangu. Baada ya ajali mzazi lazima atie sahihi upya, la sivyo shindano la mwisho halipo.

"Dada, mimi nilitoa ahadi. Neno ni lako."

Neno nilikuwa nalo tayari, limeiva: basi. Zuhura alikuwa anamenya chungwa kwa mkono mmoja mzima.

"Ukisema niache, nitaacha, kwa sababu ni wewe," akasema. "Lakini iwe sababu yako, Shangazi. Si ya Ami, wala ya baba wa yule."

"Sababu yangu ni kwamba naogopa."

"Hata mimi naogopa. Mimi naogopa nakwenda. Wewe unaogopa unakaa."

"Adabu, Zuhura," Hamid akasema.

Lakini adabu haikubadili kitu: alichosema kilikuwa kweli. Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya chuo, ng'ambo ya Likoni. Hadi leo nawaambia watu kwamba baba alikataa. Baba hakukataa. Nilifika kivukoni, nikayatazama maji, nikarudi nyumbani kupika.

"Tia sahihi," nikamwambia Hamid.

"Na Ami je?"

"Ami niachie mimi."

Okello aliniambia kwamba kwenye mstari wa kuanzia kila dereva huruhusiwa mtu mmoja wa kumshikia mwavuli, jua lisimpige akingoja. Siku ya pili yake nilikwenda soko la Naif, Hamid anakofanya kazi ya kufunga mizigo, nikachagua mwavuli mpana kuliko yote, wenye maua mekundu.

"Huo wa harusi, bibie," akasema muuzaji, mzee wa Kiunguja.

"Hata sisi tuna shughuli yetu."

Jumamosi ya mwisho miavuli yote ilikuwa myeusi isipokuwa mmoja. Ulikuwa nyuma kabisa, maana Zuhura alipangwa wa kumi na nane. Baba wa gari la manjano akapita, akauliza kwa Kiarabu, na Okello akanitafsiria: "Bado mpo?"

"Bado tupo," nikasema. Hilo alilielewa bila mkalimani.

Okello na mwenzake walivuta mikanda. "Kaza," akasema Zuhura.

"Kaza tena," nikasema mimi.

King'ora kikalia, watu wakaanza kuondoka. Nilibaki nimesimama mpaka msimamizi akaniambia, "Madam, yalla."

Zuhura alimaliza wa kumi. Hakuna kikombe cha wa kumi. Lakini mzunguko wa tisa, kwenye kona ile ile, alilipita gari la manjano kwa upande wa ndani, kwa nafasi ambayo mimi nisingepitisha sinia, na nikaufungua mwavuli juu ya matairi ingawa jua lilikuwa nyuma yangu.

Mombasa, sebuleni, Ami aliuliza, "Ulikaa naye?"

"Nilikaa naye."

"Humo ndani?"

"Mpaka pale mtu mzima anapoambiwa aondoke. Nimejifunza kwamba kusindikiza kuna mwisho, Ami. Unamkazia mikanda, unampisha."

"Mwaka ujao haendi."

"Atakwenda. Na msindikizaji wake ni mimi, kama ulivyoamua mwenyewe."

Jumatatu yake nilipanda kivuko cha Likoni peke yangu. Nilivuka, nikanywa chai ng'ambo, nikarudi, nikiogopa kwenda na kurudi. Jua lilikuwa kali. Mwavuli niliuacha Dubai, una kazi.