Mke Mwenza wa Mvunguni

Mume wangu ni fundi vioo, mtu mpole, hanywi, harandirandi, na mashoga zangu wanasema nimeokota dodo. Wangejua! Mimi nina mke mwenza, na tunalala naye chumba kimoja. Yuko mvunguni, ndani ya masanduku ya mbao, na jina lake ni hesabu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu bwana huinama kila jioni. Akishaoga tu anavuta sanduku na kutoa vitabu vya jometri na aljebra vilivyotupwa na shule, majedwali yasiyo na jalada, abakasi ya kuhesabia iliyopungukiwa shanga, pembetatu kubwa za mbao zilizokuwa zikitumika ubaoni. Kuna kitabu kimeliwa na mchwa kurasa zote za majibu. Ukipenda chongo, huita kengeza: yeye anasema mchwa wamemwachia maswali, na maswali ndiyo matamu.

Najua ugonjwa huu ulikoanzia. Baba yake alipofariki ilibidi aache shule akasaidie kwenye karakana ya mjomba wake, na siku ya kuondoka mwalimu alimdai kitabu cha hesabu cha shule. Alikuwa katikati ya sura ya duara. Akakirudisha. Mpaka leo akifika hapo katika kusimulia, sauti inapungua. Namhurumia, sisemi uongo. Lakini huruma na wivu wanaweza kupanga nyumba moja.

Maana kinachoniuma si vitabu, ni uso wake. Akikuta swali zuri macho yanang'aa, anacheka peke yake kicheko chembamba, anajipiga paja: "Ala! Kumbe!" Tangu anioe sijawahi kuangaliwa hivyo. Nimesuka, nimepaka wanja, nimevaa magauni niliyoshona mwenyewe, maana mimi ni fundi cherehani. Ananiambia, "Umependeza," kama mtu anayeitikia salamu. Nilitaka uso ule ugeuzwe kwangu, mara moja tu.

Mwezi uliopita alikwenda kuweka vioo kwenye shule iliyokuwa ikisafisha stoo. Alirudi mvua inanyesha, ameloa chapachapa, koti lake limeviringishwa kwenye kitu alichokikumbatia kifuani. Ilikuwa bikari ya kuchorea duara ubaoni, mbao tupu, mguu mmoja una ncha ya chuma na mwingine wa kushikia chaki.

"Mke wangu, njoo uone! Haina hata ufa!"

"Na wewe je? Huna homa?"

"Mbao ikiloa inapinda," alinijibu, anaifuta kwa taulo langu.

Mimi na yeye tumewahi kunyeshewa pamoja. Siku hiyo aliniambia nikaze mwendo.

Kesho yake alipokwenda kazini nikamtoa yule mwenzangu sandukuni, ile bikari. "Leo utafanya kazi kama sisi wengine," nikamwambia. Nilikuwa na kitambaa cha buluu nilichojiwekea siku nyingi. Nikakitandika sakafuni, nikabana chaki yangu ya kushonea kwenye mguu wake, nikachora duara la kiuno. La pindo nililichora kwa utepe wa kupimia, maana miguu yake haikufika. Nikakata na kushona sketi ya mwavuli, hasira zimenijaa, na kumbe hasira zina mkono mzuri. Bikari sikuifuta chaki. Niliiacha mezani makusudi, karibu na sketi, aione. Nilitaka tugombane, kwa sababu mtu anayegombana nawe angalau anakutazama.

Jioni akaingia, akaiona bikari, akaiona chaki. Nikashika kiuno, maneno yako tayari mdomoni. Yeye akaenda mezani. Aliichukua sketi, akaitandaza sakafuni, akapiga magoti, kisha akanyoosha mkono akauchomoa utepe shingoni mwangu bila hata kunitazama. Akapima pindo kulizunguka lote. Akapima upana, ukingo hadi ukingo, midomo ikichezacheza. Halafu kile kicheko.

"Tatu na ushei! Mke wangu, imetoka tatu na ushei!"

"Nini hiyo?"

"Duara likiwa la kweli, mzunguko wake ni upana wake mara tatu na ushei. Hili lako ni la kweli!"

Uso ulikuwa ule ule niliokuwa nautaka. Ila hakuugeuza kwangu, aliugeuza kwa sketi. Nikaionea wivu nguo niliyoishona kwa mikono yangu mwenyewe.

"Naomba niitundike ukutani," akasema, "iwe pamoja na vitu vyangu."

"Ukuta wako una kiuno?"

Nikamnyang'anya. Nikaivaa palepale juu ya gauni la kushindia, nikazunguka mpaka pindo likanyanyuka na kugusa meza. "Haya, pima sasa!"

Alinyoosha utepe, akaukunja, akaunyoosha tena. "Ikiwa mwilini haipimiki," alisema taratibu. Akauweka utepe chini, akabaki amepiga magoti vilevile, macho yanang'aa. "Ala," akasema. "Hebu zunguka tena."

Nikazunguka. Kama alikuwa ananitazama mimi au lile duara, sikuuliza na sitauliza. Sketi ile naivaa kila inapokauka. Ila kuifua naifua asubuhi, akishatoka. Sitaki arudi aikute kwenye kamba, peke yake.